Huyo "Yeye" Ni Nani?

Wapenzi wasikilizaji, mimi niko Kiyovu, hapa Kigali, kwenye mteremko unaoanzia katikati ya jiji, na mazungumzo yangu ya leo yanahusu sentensi ya Kiingereza. Najua wapo watakaouliza: kipindi cha Kiswahili, mambo ya Kiingereza ya nini? Naomba mnivumilie. Kiingereza kinaingia majumbani mwetu kwa njia ya karatasi: mkataba wa nyumba, barua ya kazi, fomu ya benki, taarifa ya shule. Karatasi ya namna hiyo ikisomeka kwa maana mbili, anayeumia ni aliyeitia saini.

Chukueni kalamu, kama mnayo karibu. Tuanze na karatasi ya nyumba, maana hapa Kiyovu kupangisha ni kazi ya watu wengi. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, lakini kila aliyewahi kusoma mkataba wa kupanga atawatambua ndugu wa sentensi hiyo. Naisoma polepole: "The landlord shall inform the tenant when he has to repair the roof." Narudia: "The landlord shall inform the tenant when he has to repair the roof." Yaani, mwenye nyumba atamjulisha mpangaji pale atakapotakiwa kukarabati paa.

Swali langu ni hili: atakayekarabati paa ni nani? Mwenye nyumba, au mpangaji? Msikilizaji uliyewahi kupanga nyumba mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto na ndoo imewekwa sebuleni, wewe unajua kwamba swali hili lina fedha ndani yake. Soma sentensi upendavyo, jibu halimo. Neno lililoleta tatizo ni dogo mno, herufi mbili tu: "he". Limesimama badala ya jina la mtu, na watu waliotajwa kabla yake ni wawili. Kila mmoja anaweza kusema, "Huyo si mimi, ni mwenzangu."

Hilo ndilo jambo la kwanza la leo, kiwakilishi kisichojulikana kinamwakilisha nani. Jambo la pili ni ndugu yake wa karibu: maneno ya kufafanua yaliyowekwa mbali na kile yanachokifafanua. Nitayachanganya mawili haya katika mazungumzo, kwa sababu katika karatasi pia huja yamechanganyika, na kwa maoni yangu chanzo chake ni kimoja.

Chanzo hicho ni kipi? Sisi tunaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda, Kihaya, tumelelewa na lugha zenye ngeli. Katika lugha zetu neno hulijua neno lenzake kwa viambishi. Ni kama watoto wa shule na sare zao: hata wakitawanyika sokoni, ukiona rangi ya shati unajua huyu ni wa shule ile na yule ni wa shule nyingine. Kiingereza hakina sare. Watoto wake wote wamevaa nguo za nyumbani, na njia pekee ya kujua nani ni wa nani ni kutazama nani amesimama karibu na nani. Nasema tena, kwa sababu hapa ndipo penye mzizi wa mazungumzo yote: lugha zetu hufunga maneno kwa upatanisho, Kiingereza hufunga maneno kwa mahali.

Tutazame mfano. Mama anamwambia kijana wake: "Put the book on the table and cover it." Weka kitabu mezani, halafu ufunike. Ufunike nini? Kitabu au meza? Kwa Kiingereza, "it" ni "it". Lakini Kiswahili hakikubali kumwacha kijana huyo akihangaika. Ukisema "kifunike", ni kitabu. Ukisema "ifunike", ni meza. Basi, imekwisha. Na jirani yangu wa hapa anayesema Kinyarwanda atasema "ugitwikire" akimaanisha igitabo, au "uyatwikire" akimaanisha ameza. Silabi moja ndani ya kitenzi imefanya kazi ambayo Kiingereza hakina chombo cha kuifanyia.

Mfano mwingine, na huu ni mzito zaidi. Mtaa huu wa Kiyovu una historia yake. Juu palikuwa na nyumba kubwa zenye miti na bustani, pakaitwa Kiyovu y'Abakire, Kiyovu ya matajiri. Chini palikuwa na nyumba ndogo zilizobanana, pakaitwa Kiyovu y'Abakene, Kiyovu ya maskini. Mwaka 2008 watu wa Kiyovu ya chini walihamishwa ili kupisha ujenzi mpya, na baadhi yao wakapelekwa kwenye nyumba zilizojengwa Batsinda, nje kidogo ya katikati ya jiji. Mtu anapohamishwa huzungumziwa fidia, na fidia huzungumzwa kwa karatasi. Sasa fikirini karatasi yoyote ya fidia, popote pale Afrika Mashariki, ambayo ndani yake mna maneno haya: "the house on the plot that was valued". Kilichothaminiwa ni nini? Nyumba, au kiwanja? Kwa Kiswahili huwezi kuyasema maneno hayo bila kuchagua. Utasema "nyumba iliyo katika kiwanja kilichothaminiwa", au utasema "nyumba iliyothaminiwa, iliyo katika kiwanja hicho". Ki- ni kiwanja, i- ni nyumba. Kinyarwanda nacho hutenganisha inzu na ikibanza kwa viambishi vivyo hivyo. Kiingereza kinasema "that" kwa vyote viwili, na familia nzima inabaki inasubiri kuambiwa ilipwe kwa kipimo gani.

Mwaka huohuo wa 2008, mwezi Oktoba, Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia shuleni. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, 2007, na mwaka uliofuata, 2009, iliingia Jumuiya ya Madola. Mwishoni mwa 2019 ilitangazwa kwamba Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza la msingi. Na Kiswahili chetu, mwaka 2017, kikafanywa lugha rasmi ya nne. Nayataja haya ili muone hali ya mtu anayeandika barua katika ofisi ya Kigali leo. Nyumbani ni Kinyarwanda. Aliyemfundisha hesabu huenda alimfundisha kwa Kifaransa. Sokoni Nyamirambo anabadilishana maneno mawili matatu ya Kiswahili. Na barua inatakiwa kwa Kiingereza. Lugha nne, na kila moja ina namna yake ya kufunga maneno.

Hapo ndipo linapotokea kosa ambalo walimu wengi hulicheka, na mimi nasema lisichekwe. Mwanafunzi anaandika: "Mary came with his brother." Mary amekuja na kaka yake. Mwalimu anapiga mstari mwekundu: Mary ni mwanamke, andika "her". Sawa, lazima isahihishwe. Lakini tumwelewe kwanza mtoto huyu. Kwa Kiswahili "kaka yake" haisemi kama mwenye kaka ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi kinamtazama yule kaka, hakimtazami Mary. Tunasema "kitabu chake", "nyumba yake", "viatu vyake": neno linafuata kinachomilikiwa. Kinyarwanda ni hivyohivyo, "igitabo cye", "inzu ye". Na Kifaransa, ambacho wazazi wake walisomea, nacho hufuata kinachomilikiwa, ila kwa jinsia: "son frère" kwa sababu kaka ni mwanamume, awe ni kaka wa Mary au wa Paul. Lugha tatu zote zimemwambia mtoto amtazame kaka. Kiingereza peke yake ndicho kinachomwambia: mwache kaka, mtazame mwenyewe. Mwalimu akilieleza hivyo mara moja, kwa utulivu, mtoto ataushika mwelekeo. Akimpigia mstari mwekundu bila maelezo, mtoto ataendelea kubahatisha mpaka chuo kikuu.

Na hapa, wapenzi wasikilizaji, naomba tuwe wakweli juu ya lugha zetu pia. Ngeli hutusaidia sana kwa vitu, lakini kwa watu hutuacha. Watu wote ni a-. Nikisema "alimpiga", ni nani aliyempiga nani? Mwanamume au mwanamke? Hamna hata mmoja anayeonekana. Kinyarwanda, "yaramukubise", ni vilevile. Katika maongezi hatupati taabu, kwa sababu tunajua habari ilianzia wapi, na tukikwama tunauliza. Lakini mkalimani anayeyapeleka maneno hayo kwenye Kiingereza hana ruhusa ya kukaa kimya. Lazima achague "he" au "she", "him" au "her", papo hapo, mdomo ukiwa wazi.

Mliopata kufuatilia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha mnajua uzito wa jambo hili. Mahakama ile iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, na lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Katika hukumu ya kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, majaji walitenga sehemu nzima kuzungumzia ugumu wa kutafsiri ushahidi. Walisaidiwa na mtaalamu wa isimu wa Rwanda, Mathias Ruzindana. Pamoja na mengine, walieleza kwamba shahidi aliyekulia katika mapokeo ya kusimuliana anaweza kuleta jambo alilolisikia na jambo aliloliona kwa namna moja ya kusema. Kwa hiyo ilibidi mashahidi waulizwe: hili uliliona mwenyewe, au uliambiwa? Mimi naiheshimu sana sehemu ile ya hukumu. Mbele ya watu waliopoteza kila kitu, mahakama ilikubali kupunguza mwendo na kuuliza: huyo unayemsema ni nani, na jambo hilo amelijua vipi?

Tuendelee. Nimesema tatizo la pili ni maneno ya kufafanua yaliyopotea njia. Sikilizeni tangazo la ushirika wa akina mama wasusi: "We sell baskets to visitors woven from sisal." Wao wanataka kusema wanawauzia wageni vikapu vilivyosukwa kwa mkonge, vile vikapu vya agaseke ambavyo Rwanda inajulikana navyo. Lakini Kiingereza, ambacho hutazama nani amesimama karibu na nani, kinasoma kwamba wageni ndio waliosukwa kwa mkonge. Kwa Kiswahili hata ukikosea mpangilio, ukasema "tunauza vikapu kwa wageni vilivyosukwa kwa mkonge", sentensi itachechemea lakini itafika. Vi- inajulikana ni ya vikapu. Ili wageni wasukwe ingebidi useme "waliosukwa", na hapo kila msikilizaji angefikiria saluni. Dawa ya sentensi ya Kiingereza ni kusogeza tu: "We sell visitors baskets woven from sisal." Hakuna neno gumu lililoongezwa. Vikapu na mkonge vimekaa pamoja, na kazi imekwisha.

Sasa nawaletea aina ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotuponza zaidi sisi watu wa huku, na sababu yake haielezwi madarasani. "Walking down to Kiyovu, the rain soaked my documents." Nani alikuwa akiteremka kwenda Kiyovu? Mwandishi anamaanisha yeye mwenyewe. Lakini sentensi inasema mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kwa miguu. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aandike hivyo? Kwa sababu kichwani mwake amesema: "Nikiteremka Kiyovu, mvua ililowesha nyaraka zangu." Na Kiswahili hicho ni safi kabisa! Kitenzi chetu hubeba mtendaji wake. "Nikiteremka" ina ni-, kwa hiyo anayeteremka ni mimi, na mvua ije baadaye ifanye ifanyavyo. Lakini "walking" ya Kiingereza haina ni-, haina u-, haina a-. Imekuja mikono mitupu, na kanuni ya Kiingereza ni kwamba itachukua mtendaji wa kwanza atakayetokea baada ya koma. Aliyetokea ni mvua. Basi mvua ikatembea.

Nasema tena kwa ufupi. Nikiteremka: mtendaji yumo ndani. "Walking": mtendaji hayumo, anasubiriwa nje. Kwa hiyo hakikisha aliyesimama nje ni yule unayemtaka. "Walking down to Kiyovu, I got my documents soaked." Au andika tu, "As I was walking down to Kiyovu, the rain soaked my documents." Hapo umempa mtendaji wake, na hakuna wa kumwibia.

Kosa hili hujaa katika barua za kuomba kazi. "Having completed my studies, your office will find me useful." Yaani ofisi yenu ndiyo iliyomaliza masomo. Na hapa lazima nikiri kwamba Kiswahili nacho kina mlango wa kosa hilohilo. Tukisema "baada ya kumaliza masomo, ofisi yenu itaniona nafaa", "kumaliza" haina mtendaji, na ofisi inavishwa joho la mahafali. "Nikiwa nimemaliza masomo" ingetosha. Kijana unayenisikiliza na una barua ya namna hiyo mezani, hebu itazame kabla hujaipeleka kesho.

Tuje kwenye neno dogo "only". Hapa Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi watu wanatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka hufungwa. Tuseme unataka kumwandikia mgeni ujumbe kuhusu jambo hilo. Ukiandika "Only shops close on the last Saturday", umesema ni maduka tu yanayofungwa, vingine viko wazi. Ukiandika "Shops close only on the last Saturday", umesema siku nyingine zote hayafungwi. Neno ni lilelile, limehama mahali tu. Kwa Kiswahili tunalo "tu", na lenyewe hukaa nyuma ya neno linalolibana: "maduka tu hufungwa", "hufungwa Jumamosi ya mwisho tu". Kwa Kiingereza mahali salama pa "only" ni mbele ya neno hilo, likiligusa bega. Mzoea "tu" akilisahau hilo huliweka "only" popote, na mgeni wake anakuja mjini asubuhi ya umuganda na kukuta kila mlango umefungwa.

Mtaniambia: mwalimu, mvua kutembea, maduka kufungwa, hayo yanachekesha lakini hayaui. Basi nisikilizeni kisa cha mtu mmoja aliyepita Kongo.

Alikuwa Mwairishi, Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ripoti yake iliyochapishwa mwaka 1904 ilifichua mbele ya dunia jinsi watu wa Kongo walivyoteswa, walivyokatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira. Mwaka 1911 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa "Sir". Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Casement, akiwa na moyo wa uhuru wa Ireland, alikwenda Ujerumani kutafuta msaada. Aprili 1916 alirudi Ireland kwa manowari ya Kijerumani, akakamatwa, akashtakiwa London kwa uhaini.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha kale cha Wanormani. Ilimhusu mtu anayeambatana na maadui wa mfalme wa Uingereza katika milki ya mfalme huyo, akiwapa msaada na faraja katika milki au kwingineko. Shikeni maneno hayo mawili ya mwisho: au kwingineko. Yanaambatana na nini? Wakili wa Casement alisema yanahusu tu mahali msaada unapofika. Kosa lenyewe la kuambatana na adui sharti litendeke ndani ya milki ya mfalme, na Casement alitenda Ujerumani. Upande wa mashtaka ulisema la, "au kwingineko" inafunika yote mawili, kuambatana na kusaidia, ndani na nje. Majaji walifika hadi kuitazama hati yenyewe ya kale kuona kama mna alama za koma. Wakaamua dhidi yake. Tarehe 3 Agosti 1916 Casement alinyongwa katika gereza la Pentonville, na hadi leo wapo wasemao kwamba alinyongwa kwa koma. Siasa za vita zilikuwa na uzito wake, hilo silipingi. Lakini mlango waliopitia majaji ulikuwa ni maneno mawili yaliyowekwa mwishoni mwa sentensi ndefu bila kusemwa ni ya nani. Na hapo hata ngeli zetu zisingesaidia, kwa sababu "kwingineko" haibebi sare ya yeyote.

Sasa tufanyeje? Nitasema ninayoyaamini.

La kwanza ni kurudia jina. Shuleni tulifundishwa, na wengine bado wanafundisha, kwamba kurudia neno ni ubovu wa insha. Katika insha ya kusimulia, labda. Katika mkataba, hapana! Andika "The landlord shall inform the tenant when the tenant has to repair the roof." Neno "tenant" limetajwa mara mbili. Kuna ubaya gani? Paa limepata mwenyewe. Wazee wetu wakisimulia kesi barazani hawasemi "yeye, yeye, yeye". Wanasema "mwenye ng'ombe akasema hivi, mwenye shamba akajibu hivi", mpaka mwisho, na hakuna anayewaambia kwamba hawajui lugha. Tabia hiyo tuipeleke kwenye Kiingereza chetu bila haya.

Halafu, kila unapokutana na "he", "she", "it", "they", "this", "which", simama uulize kwa sauti: nani? nini? Weka kidole chako juu ya jina linalotajwa. Kidole kikiweza kutua mahali pawili, andika upya. Nasema kwa sauti kwa sababu jicho husamehe, sikio halisamehi. Na ukiweza, mpe mtu mwingine asiyeijua habari ile akusomee. Wewe unajua ulimaanisha nini, kwa hiyo utausoma moyo wako badala ya karatasi.

Na kwa ninyi mnaosoma sheria za Rwanda, mna msaada mkubwa ambao nchi nyingi hazina. Gazeti rasmi la serikali limezoea kuchapa sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, safu tatu ubavu kwa ubavu. Safu ya Kiingereza ikikutatiza, "which" hii ni ya nini, vuka uende safu ya Kinyarwanda ukatazame kiambishi. Mara nyingi kile kiambishi kitakuwa kimeshachagua. Vivyo hivyo mwandishi: ukitaka kuipima sentensi yako ya Kiingereza, jaribu kuisema kwa Kinyarwanda au Kiswahili. Ukifika mahali ukajikuta unasita, niseme ki- au i-, niseme ni- au a-, basi umelifikia neno ambalo Kiingereza chako hakijalifunga.

Wapenzi wasikilizaji, muda unaniishia, nawaachia zoezi la kufanya nyumbani, pamoja na watoto mkiweza. Sentensi ni hii: "The guard told the driver that his brother had taken the keys to the office." Narudia ili muandike: "The guard told the driver that his brother had taken the keys to the office." Kaka huyo ni wa nani, wa mlinzi, wa dereva, au wa mtu mwingine kabisa? Na "the keys to the office" ni funguo za ofisi, au ni funguo zilizopelekwa ofisini? Tafuteni maana zote zinazoweza kutoka humo, kisha kila maana iandikieni sentensi yake ya Kiswahili, na kila sentensi ya Kiswahili irudisheni kwenye Kiingereza kisichoyumba. Juma lijalo, saa kama hii, tutazisahihisha pamoja.